Mpangusa Vinanda wa Masina

Sisi wa mtaa wa Masina tunajua kumsifu mtu akishazikwa. Mzee wetu Papa Lusambila bado yuko hai, kwa hiyo hamtasikia akisifiwa. Na kwa kuwa mimi ni mmoja wa walionyamaza, acha niseme sasa, hata kama nimechelewa.

Huyu mzee alipiga kinanda kanisani kwetu miaka kumi na minne, na siku za kazi alizunguka makanisa mengine na mkoba wake wa turubai, akisafisha vinanda vyao. Hapa kila mtaa una makanisa matatu na kila kanisa lina kinanda, na mchanga wetu hauheshimu kitu. Unaingia kwenye sufuria ya pondu, mboga yetu ya majani ya muhogo, unaingia masikioni, sembuse kwenye vitufe. Ongeza jasho la waimbaji, poda za akina mama, makombo ya karanga za mazoezini, na mende wanaopenda joto la mle ndani. Aliwahi kutoa mende kumi na tisa kwenye kinanda kimoja. Akawaambia wenyewe, "Kwaya yenu ni kubwa, lakini hawa tu ndio hawakosi mazoezi."

Mimi huimba sauti ya pili, na mara nyingi nilifika mapema nikamkuta kazini. Kwanza alichomoa waya ukutani. Kisha alipitisha brashi laini, kavu. Kisha kitambaa cha pamba kilichochovywa kwenye maji ya sabuni kidogo na kukamuliwa mpaka ungedhani ni kikavu. Alipangusa kitufe kimoja kimoja, kutoka nyuma kuja mbele, ili uchafu usisukumwe kwenye nyufa, na papo hapo akakausha kwa kitambaa kingine. Siku moja nilimletea chupa ya dawa ninayoondolea rangi ya kucha.

"Papa, weka hii, kitang'aa."

"Mama Plamedi, unataka kukisafisha au kukichuna ngozi? Hiyo itakula maandishi yote."

"Basi kimwagie maji kidogo, tumalize."

"Kinanda hakiogeshwi, mama. Kinapanguswa. Kitambaa kikitoa hata tone moja, rudi ukakamue."

Plamedi ni binti yangu wa kwanza. Mimi mwenyewe nilizaliwa Uvira, lakini nimeolewa hapa miaka ishirini na saba, kwa hiyo aibu ya mtaa huu ni yangu pia.

Mwaka juzi ndugu zetu walio Ulaya walituletea kinanda kipya. Mchungaji Bolamba akatangaza Jumapili ya kukiweka wakfu. Kwetu kila kitu hupakwa mafuta: gari jipya, mlango wa duka, hata pasipoti kabla ya kuipeleka ubalozini. Sicheki, yangu pia ilipakwa. Lakini kwa kawaida ni kidole gumba tu. Siku hiyo wageni walikuwa wengi, kamera ilikuwa inarekodi, na mchungaji alikuja na chupa nzima.

Papa Lusambila alimsogelea. Nilikuwa karibu, nilisikia kila neno.

"Pasta, paka hapa ubavuni tu. Vitufe tuviache."

"Mungu humimina, Papa. Hadondoshi matone."

"Ndani kuna vipande vya mpira, ndivyo vinavyogusa umeme mpaka sauti itoke. Mafuta yakifika pale..."

Mchungaji akaleta kipaza sauti mdomoni. "Kanisa, mpiga kinanda wenu anaogopa upako."

Tulicheka, na mimi nikiwemo. Chupa ikapinduliwa kuanzia sauti nene mpaka nyembamba, tukaitikia amina. Ibada ilipokwisha Papa Lusambila alitoa bisibisi akifungue, lakini mchungaji akamshika mkono. Kilichopakwa hakifutwi, alisema. Na mtu aliyetunza vinanda maisha yake yote akakatazwa kukigusa kwa kitambaa.

Mchanga na mafuta vikakutana humo ndani. Juma la tatu kitufe kimoja kilianza kugoma, ukikibonyeza kwa nguvu kinaitika, ukikibonyeza taratibu hakijui lolote. Jumapili aliyokuja askofu mgeni, vitufe vinane vilikuwa bubu, na wimbo wa sifa ukawa na mapengo kama kinywa cha bibi. Mchungaji Bolamba aliinua mkono, tukanyamaza.

"Chombo kimepakwa," akasema. "Chombo hakina kosa. Basi kosa liko kwenye vidole. Papa Lusambila, njoo mbele, utubu."

Mzee alikuja. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

"Pasta, dhambi zangu ninazo, kama kila mtu. Lakini hizi nane ni za mafuta."

Kelele zilizofuata ungedhani ametukana msalaba. Alivuliwa joho la kwaya mbele ya watoto wa shule ya Jumapili. Na habari mbaya haihitaji nauli. Makanisa aliyoyahudumia yakaanza kumwambia "tutakuita, Papa." Mwezi ukaisha bila mtu kumwita. Mwenye vidole vyenye laana, nani atampa kinanda?

Akanijia nyumbani. "Mama Plamedi, wewe unafagia kanisa Jumanne, ufunguo unao. Nifungulie siku moja tu. Kikilia, nawe ukisimama ukasema nilichofanya, jina langu litarudi. Sihitaji zaidi."

Nikamwambia nitasema. Niliahidi kwa kinywa changu.

Jumanne ile alifanya kazi kuanzia asubuhi mpaka jua lilipopinduka. Alifungua skrubu moja moja akizipanga kwenye kifuniko cha kopo, akatoa vitufe, akaviosha kwa sabuni na kuvianika kivulini. Maji hayakukaribia kitu kingine. Vile vipande vya mpira alivipangusa kwa mkono mwepesi, na mahali vinapogusa alipitisha pamba yenye spiriti kidogo sana. Pamba ikatoka nyeusi, inanata.

Akanionyesha. "Tazama dhambi zangu."

Alirudisha kila kitu, akasubiri kikauke vizuri, ndipo akachomeka waya. Vitufe vyote sitini na kimoja vililia. Alivipitia mara mbili, akifumba macho.

Jumapili iliyofuata kijana mpya alikaa kwenye kinanda, na sauti ilikuwa safi tangu wimbo wa kwanza. Mchungaji Bolamba hakuuliza nani amefanya nini.

"Mmeona?" akasema. "Mchafu ameondoka, chombo kimepona chenyewe. Mwenye ushuhuda asimame."

Kupitia dirishani niliona kichwa cha Papa Lusambila. Alikuwa amesimama nje, karibu na ukuta, amevaa shati lake la sikukuu. Plamedi alikuwa aolewe baada ya majuma matano, na Mchungaji Bolamba ndiye angefungisha ndoa. Usiku uliotangulia, nilipomweleza ahadi yangu, mume wangu, ambaye ni shemasi, alikuwa ameniambia, "Ukifungua mdomo wako, mtoto tutamfungishia ndoa sokoni, kwenye meza ya makayabu, katikati ya samaki wa chumvi?" Sasa alikuwa ananitazama kutoka benchi la mashemasi. Miguu yangu ilikuwa mizima. Ningeweza kusimama.

Akasimama mama mwingine, akashuhudia kwamba tangu yule mzee aondoke hata mgongo wake umeacha kuuma. Wakashangilia. Kijana akapiga utangulizi, zamu ya sauti ya pili ikafika, nikaingia pale pale panapotakiwa, bila kukosea.

Baada ya ibada alinisubiri kwenye kona. Nilitaka kupita upande mwingine lakini alikuwa ameshaniona.

"Kile cha nne kutoka mwisho," akasema, "ndicho kilikuwa na mafuta mengi. Kililia vizuri?"

"Kililia, Papa."

"Nilidhani nimekisikia." Kisha akauliza harusi ya Plamedi ni tarehe ngapi, nikamtajia. Akasema atamwombea.

Kadi ya mwaliko hatukumpelekea.