Maji ya Alama Saba

Céline alisema namba moja tu kwa wiki, na namba hiyo watu waliiamini kuliko maneno ya chifu. Kila Jumamosi asubuhi aliteremka kwenye kinamasi kilicho chini ya kijiji cha Kalembe, na mwanzi wake begani. Mwanzi ule ulichongwa alama kumi, kila alama shubiri moja. Akifika kivukoni alisimama juu ya mafunjo yaliyolala, akauchomeka mpaka ukagusa mawe ya chini, akahesabu alama zilizolowa. Kisha alichota maji kwenye sahani nyeupe aone rangi yake, akahesabu korongo, akaandika yote katika daftari. Nani alimlipa? Hakuna. Agronomi aliyefundisha watu sita kazi hiyo alikimbilia Goma vita vilipopamba moto, na wale watano wakarudi kwenye maharage yao, nami siwalaumu. Céline akabaki. Alisema kinamasi ndicho kinawanywesha, na mgonjwa lazima awe na mtu wa kumgusa paji aone kama ana homa.

Mwanzoni walimcheka vizuri sana. Leo anapima maji, walisema, kesho atapima upepo. Halafu mchuuzi wa chumvi akazama kivukoni na mzigo wake mgongoni, na kicheko kikaisha. Maana pale macho hayasaidii: maji ni meusi, mimea imeyafunika, ya magotini na ya shingoni ni sura moja. Tangu siku hiyo mwinjilisti Faustin aliisoma namba ya Céline kila Jumapili kwenye matangazo, baada ya majina ya wagonjwa na kabla ya salongo, ile kazi ya pamoja ya kijiji. Ikiwa tatu kushuka chini, watu wanavuka. Ikiwa nne, kila mtu abaki kwake. Kina mama wanaobeba maziwa waliipeleka ng'ambo, na ng'ambo ndiko Shekinah, binti yake wa pekee, alikoolewa na Trésor, na alikuwa amejifungua juzijuzi. Kwenda kwake kwa kuzunguka barabarani ilikuwa siku nzima, na kizuizi cha wenye bunduki kila kona.

Mwaka 2012 vita vikaja kukaa kabisa, kama mgeni asiyeaga. Upande wa Céline komanda Léonard na vijana wake walilala shuleni. Wengine, maadui zao, walikaa juu ya kijiji cha Shekinah. Katikati kinamasi. Mwenye bunduki yeyote aliyethubutu kusogea kivukoni alipigwa risasi kutoka ng'ambo. Lakini mama mwenye mwanzi na daftari walishamzoea, pande zote mbili.

Basi Jumamosi moja ya kiangazi, Céline akipanda kutoka majini, akamkuta Léonard ameketi kwenye jiwe la njiani anamngoja. Hakuwa mtu wa kupiga kelele, na hilo ndilo lilimtisha zaidi.

"Mama Céline, maji iko ngapi leo?"

Mwanzi ulikuwa umelowa alama mbili. Mbili ni magotini. Céline alijua kabisa anachoulizwa. Vijana hawa wakivuka, watapita katikati ya nyumba za ng'ambo kabla ya kufika mlimani, na alishaona vijiji ambavyo wamevipitia. Akaufuta mwanzi kwa pindo la kikwembe alichojifunga kiunoni, polepole, toka chini mpaka juu.

"Iko saba."

"Saba, mu kiangazi?"

"Udongo ilianguka kule chini, ikafunga mulango. Maji haipate pa kutokea."

Léonard akautazama mwanzi uliofutwa. Miaka mitano mama huyu hakuwahi kukosea, na hata yeye alilijua hilo. "Utaniambia ikishuka," akasema. "Ukinificha, unajua."

Alijua, ndiyo. Akaandika saba katika daftari, maana daftari lingeweza kukaguliwa, na mkono ulimuuma kuandika. Kurasa zote za nyuma zilikuwa za kweli, hata siku alizokuwa na malaria alienda. Kesho yake Faustin akasimama kanisani akasoma saba, na watu wakatikisa vichwa: kumbe mwaka huu kivuko kimefungwa. Céline alikuwa kwenye benchi la pili. Angesema nini, na vijana wawili wa Léonard wamekaa mlangoni? Angemnong'oneza Faustin? Faustin ni mtu mwema, ila hawezi kubeba siri hata mpaka uani. Kina mama wa maziwa wakasimama ukingoni wakapaza sauti, saba, saba, na wa ng'ambo wakaitika.

Jumapili tatu akaimeza namba ya kweli, na saba ikasomwa. Alilala vibaya na alikula vibaya. Kila wiki alijiambia kwamba wiki ijayo atapata njia ya kumpelekea Shekinah neno, na kila wiki hakuna njia, ila ileile aliyoifunga yeye.

Halafu vita vikaja ng'ambo kwa mlango ambao hakuna aliyeutazama, toka njia ya Walikale, kundi la tatu kabisa. Ilikuwa asubuhi, Céline yuko shambani anavuna maharage. Akasikia risasi, akaona moshi, kisha akaona watu wanateremka mbio kuelekea kivukoni, magodoro vichwani, watoto mgongoni. Wakafika ukingoni wakasimama. Wote. Moshi nyuma yao, maji ya magotini mbele yao, na hakuna aliyetia mguu.

Céline akapunga mikono, akaita mpaka sauti ikakauka. Bunduki zilimzidi. Basi akaacha maharage, akateremka, akaingia majini mbele ya macho ya kila mtu, hata ya shuleni kule juu. Akatembea moja kwa moja mpaka ng'ambo.

Shekinah alikuwa mbele, mtoto kifuani. Alitazama miguu ya mama yake, akatazama maji.

"Mama, si njo walisema saba?"

"Nilidanganya. Kuya haraka."

"Trésor amebeba mama yake, wamepita barabarani," Shekinah akasema. "Amesema na saba mama yake hatapita."

Barabarani ndiko risasi zilikokuwa. Céline akamshika binti yake mkono, akawavusha wote, wakamfuata mstari mmoja, na hakuna aliyelowa kupita magoti.

Upande wa pili Léonard alikuwa anawangoja. Aliwaacha wapite, akawasalimu hata wazee. Céline alipofika akamtazama kikwembe, kilikolowa na kilikoishia kulowa, magotini tu.

"Asante, Mama," akasema. "Kesho asubuhi utatangulia, na sisi nyuma yako, mpaka ng'ambo."

Shekinah aliyasikia. Aliketi chini kwenye majani, akampa mtoto ziwa, na hakumtazama mama yake. Céline akamjibu komanda kwamba atakuja.