Siku Niliyotoka Kwenda Kumshitaki Mke Wangu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo nashusha pumzi.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia nilikuwa kuli bandarini Dar es Salaam, nikirudi kwetu Kibuta kila mwisho wa juma. Meli za kivita ziliingia na kutoka, nasi tulikatazwa kabisa kuzungumza habari zake. Ijumaa moja jioni nikaingia sinema. Picha ilikuwa ya ofisa wa jeshi la majini na mkewe, mzuri kama nini. Kumbe mke ana hawara, na hawara ni jasusi! Mke akaiba karatasi za mumewe, meli ikazamishwa. Kiingereza sikukielewa vizuri, lakini ule wizi niliuona kwa macho yangu.

Kesho yake nikafika nyumbani. Mke wangu Mwanaidi, ambaye hata mwaka wa ndoa tulikuwa hatujamaliza naye, akaniandalia chakula, kisha akauliza, "Ile meli ya askari inaondoka lini?"

Nikamjibu kwa ukali kwamba hayo hayaulizwi. Asubuhi nikamwona nyuma ya nyumba akimpa mwalimu wa shule karatasi, wananong'ona. Basi, nikajiona mimi ndiye yule mume wa kwenye picha. Sikumuuliza neno. Nikavaa kanzu yangu, nikashika njia ya bomani Kisarawe.

Njiani nikakutana na mjomba wangu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona unatembea kama unafukuzwa?"

Nikamweleza yote. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwenyewe umemuuliza?"

"Bado."

"Yaani polisi wasikie kabla ya mkeo? Turudi. Ukishamuuliza, ukitaka kwenda bomani nitakusindikiza."

Tulimkuta Mwanaidi akimenya mihogo. Nilipomuuliza, akalia. Kaka yake Salumu, askari, alikuwa anapelekwa vitani ng'ambo, naye Mwanaidi alitaka kumwona kabla hajapanda meli. Karatasi ile ilikuwa ya barua ya kwenda kwa Salumu, mwalimu amwandikie. Walinong'ona kwa sababu mama yao, tuliyekuwa tukimuuguza mle ndani, hakuwa amejua kwamba mwanawe anakwenda vitani.

"Uliponikaripia," akasema, "niliogopa kukuuliza tena, usije ukafukuzwa kazi."

Nikakaa chini pale pale kwenye maganda ya mihogo, nikacheka huku machozi yananitoka. Kisha nikamwambia nilikokuwa nakwenda. Alininunia mpaka nikarudi kazini, na ilikuwa haki yake. Salumu alirudi salama vita vilipokwisha, akatukuta na mtoto wa pili.

Basi, mwanangu, ukimtilia shaka mwenzio, muulize yeye kwanza, tena kwa upole, umsikilize mpaka amalize. Usimvike mkeo wala mumeo makosa ya watu uliowaona kwingine. Ningefika bomani siku ile, maneno yangu nisingeweza kuyarudisha. Mungu akujalie nyumba ya watu wanaoulizana na kujibiana, na akuepushe na aibu niliyoikaribia mimi. Amin.