Ng'ombe ya mbao ya Noeli: watoto walitaka kucheza, wakubwa walitaka kujua iko ya nani

Wakuu, musalimiwe wote, pamoja na wale wanasomaka kimya bila kujibu.

Siongeze kitu hapa. Mwenye kubisha akuje Bunia, Nyakasanza, ile ng'ombe iko juu ya kabati yangu, ataishika na mikono yake.

Mimi ni bibi, watoto wananiita Koko. Masomo niliachia primaire, shule ya musingi. Mwenye anataka kukosoa kiandiko akosoe, halafu aendelee kusoma.

Marehemu bwana yangu alikuwa fundi wa mbao. Aliniachia musumeno mwembamba ya kukata kona-kona. Miaka yote mimi ndiye nilikuwa namushikilia mbao, kwa hiyo mukono inajua.

Mu parcelle yangu, kiwanja yenye nyumba zangu, niko na wapangaji.

Papa Yosefu, watu wake ni wa ng'ombe. Ng'ombe zenyewe zilienda na vita.

Mama Furaha, mukulima wa Djugu, alikimbia na watoto na sufuria.

Na Mama Kavira, muchuuzi wa Butembo. Ule hana ubaya na mutu, mradi barabara ipitike.

Amani yetu ya huku munaijua. Watu wanasalimiana muzuri, wanaulizana habari ya watoto, halafu kila mutu analala amevaa viatu.

Noeli yenye ilipita, kila nyumba ilifunga mulango ikakula muchele yake. Watoto wakachunguliana kwa madirisha kama kuku wenye kufungiwa. Nikasema mwaka huu hapana. Mukeka moja katikati ya kiwanja, watoto wote juu yake, na kado moja, zawadi ya kucheza pamoja.

Nikachagua puzzle. Kwa wenye hawajue: unakata munyama wa mbao vipande vipande, mutoto anaviunga mpaka munyama anasimama tena. Ni ile tu. Hakuna siri.

Kwa nini ng'ombe? Ju nilianza na kuku, muguu ikavunjika mu musumeno. Nikafanya samaki, mutoto wa Kavira akaimaliza mbele sijakaa. Ng'ombe iko munene, haivunjike, iko na pembe na mukia, watoto wanaitambua. Nikaomba mabaki ya mbao yenye inatokaka Niania kwa jirani mwenye atelier ya useremala, nikakata, nikapiga papier de verre, karatasi ya kusugulia mbao, mpaka ikalainika kama shavu.

Nikaianika kwa jua, vipande vipande, juu ya meza.

Hapo ndipo wakubwa walianza.

Papa Yosefu akasimama mbele ya meza, mikono mugongoni, kama mutu wa kupokea maiti.

"Koko, ng'ombe ilikukosea nini?"

"Ilinikosea wapi?"

"Za kweli zilikatwa tukiona. Sasa unafundisha watoto kukata?"

"Nafundisha kuunga."

"Lakini ilianza kukatwa!"

"Na shati yako, Papa Yosefu, ilizaliwa na mikono?"

Akaondoka. Nikafikiri imeisha. Kumbe Mama Furaha alikuwa anangojea zamu yake.

"Koko, kati ya wanyama wote wa dunia, ng'ombe? Ng'ombe walikula maharagi yetu, tukasema neno moja tu, muone kwenye tulifika."

"Mama, hii iko ya mbao. Haikule."

"Inaanzaka hivyo, Koko. Inaanzaka na moja."

Wakuu, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka.

Basi wakasema tukae, tutafute munyama mwenye hana upande. Wakaleta viti. Kiti mutu anakaliaka kwa mambo ya ndoa na matanga, wakakikalia kwa ajili ya toyi ya watoto.

Mbuzi? Nayo inaingia mu mashamba ya watu. Nguruwe? Mama Kavira akaruka, kanisa yake haikubali, hata ya mbao. Tembo? Tembo iko ya watu wa Mambasa, na wao hawako hapa kujitetea. Sungura? Papa Yosefu akasema sungura ni mwizi, itafundisha watoto tabia.

Mama Kavira akasema tuache wanyama, tufanye nyumba.

"Nyumba ya nyasi ao ya mabati?" akauliza Mama Furaha.

"Na iko kwa kilima ya nani?" akauliza Papa Yosefu.

Ile ndiyo siku ya kwanza niliona hawa wawili wanasaidiana.

Nikasimama. Nikabeba sahani yenye vipande, nikagawa kama vile tunagawaka nyama. Kichwa na pembe: Mama Furaha. Muguu ya nyuma: Papa Yosefu. Tumbo: Mama Kavira. Zingine nikabaki nazo.

Nikasema: "Siku ya Noeli, mutoto mwenye anataka kuona ng'ombe, akuje na kipande ya kwao. Mwenye hataki, awashe nayo moto ya chai."

Hakuna mwenye alirudisha.

Noeli ikafika. Nikatandika mukeka. Watoto wa Kavira wakakuja na tumbo, wameipaka mafuta, inang'aa. Mama Furaha akaleta kichwa imefungwa mu kitambaa, akasema anakuja tu kurudisha, hakai. Watoto wake walikuwa wamekaa mbele hajamaliza kusema.

Mulango ya Papa Yosefu ilifungwa.

Ng'ombe ya miguu tatu haisimame, wakuu. Inaanguka. Watoto wakategemeza na gunzi ya mahindi, ikaanguka tena. Kwa dirisha naona Ezra, mutoto wa Papa Yosefu, pua imebandikwa kwa kioo. Nikamufunikia Papa Yosefu sahani yake ya muchele mbele ya watu wote, nikaiweka katikati ya mukeka. Sikuita mutu. Mimi siombake mutu mukubwa akule.

Sahani ikapoa pale. Ezra hakutoka.

Mvua ikanyesha siku zingine zote, mpaka bonané, siku ya mwaka mupya. Asubuhi ya bonané, Papa Yosefu akatokea na shati ya kanisa.

"Napita tu, Koko. Nilikuwa naomba chumvi."

Kuomba chumvi na muguu ya ng'ombe mukononi! Na Ezra alikuwa amekwisha kumupita, yuko kwa mukeka.

Tukajaribu muguu. Haiingie. Aliiweka mahali mabati yake inavuja, mbao ikavimba.

Munajua alisema nini?

"Mulibadilisha ng'ombe!"

Nikamupa papier de verre na kigoda. "Kaa. Sugua."

Akasugua. Ng'ombe ikawa inateleza kila mara. Mama Furaha akavumilia, akavumilia, mwisho akakuja akaishika na pembe.

"Shika vizuri, Mama, itakimbia," Papa Yosefu akasema.

"Ikimbie iende wapi? Maharagi iliisha zamani."

Nikaangalia musumeno yangu iko wapi, ju kichwa ya mutu haijulikane. Halafu Papa Yosefu akacheka kwa pua, na Mama Furaha akacheka kwa kificho ya kitambaa, na sugua ikaendelea.

Akaendelea sana. Ile muguu sasa inaingia, lakini inalegea. Ukibeba ng'ombe bila kuangalia, inadondoka. Papa Yosefu alitaka colle, gundi ya mbao. Nikakataa. Ukibandika, watoto watacheza na nini?

Kwa hiyo wanabeba hivi: Ezra anashika muguu, wa Mama Furaha anashika pembe, wa Kavira anapiga kelele ya njia. Wamezoea. Wakubwa wangali wanalala na viatu, nisiwadanganye.

Somo langu ni fupi: mukitaka kutengenezea watoto kitu, mutengeneze. Musilete viti.

Haya, semeni na nyinyi, nimeweka miwani. Lakini mwenye atakuja hapa kuniuliza ile ng'ombe ilikuwa ya nani, aniambie kwanza muguu yenye alipewa aliificha wapi.