Kusimama kwa Mguu Mmoja Bila Kushika Dirisha

Nakumbuka Jumamosi moja, nyanya yangu aliponiuliza mimba ni ya nani.

Mwanangu, nisamehe kwa kukuita hivyo. Nina miaka thelathini na moja tu na sijazaa. Lakini umeniuliza jinsi ya kujifunza baleti ukubwani, nyumbani, bila upao wa kushikilia, na jibu langu linaanzia hapo.

Niliishi na nyanya huyo, Cucu kwa Kikuyu chetu, huko Othaya. Mjini Nyeri kulikuwa na mwalimu aliyefundisha watu wazima katika ukumbi wa kanisa. Ukumbi haukuwa na upao, kwa hiyo hakumpokea mtu kabla ya kumwona akisimama kwa mguu mmoja, mikono hewani, huku yeye akiuzunguka ukumbi pole pole. Niliitaka nafasi ile hadi nikakosa hamu ya chakula. Nyumbani, mwalimu wangu alikuwa simu yenye kioo kilichopasuka.

Nilijifungia chumbani. Nilijifunga leso tumboni ili nihisi misuli, nikavuta kitovu ndani, nikabana pumzi. Nilijirekodi, na kila nilipoyumba nilifuta. Video zilizobaki zilikuwa nzuri mno, nikaanza kujishuku. Nikazitazama upya. Katika kila moja, kidole changu kidogo kilikuwa kimegusa dirisha.

Nilimshuku Cucu pia. Leso niliikuta imekunjwa vingine. Kila nikipita, macho yake yalikwenda tumboni mwangu. Hata mtungi wa maji alininyang'anya. Nikajua ananicheka.

Jumamosi hiyo tulikuwa tunachuma majani chai. Nikashikwa na kizunguzungu, maana hata shambani nilikuwa nimebana tumbo.

"Wewe msichana," Cucu akasema bila kugeuka, "hiyo mimba ni ya nani?"

"Mimba gani, Cucu?"

"Usinifanye mjinga. Unafunga tumbo na leso. Unafunga mlango. Sasa unataka kuanguka. Ni yule wa bodaboda?"

"Ni densi! Najifunza kusimama na mguu mmoja."

"Ati unafunga mlango ndio usimame?" Alicheka hadi kikapu kikatikisika mgongoni. "Haya, simama nione."

Nikasimama, nikabana pumzi. Mara mkono wangu ukakimbilia bega lake.

"Toa mkono. Mimi nimezeekea kwa hii kilima, na mikono yote miwili inachuma. Nani ananishikilia?"

Akaendelea kuchuma. Nikamtazama kwa mara ya kwanza. Vidole vyake vya miguu vilikuwa vimetandazwa udongoni, goti limelegea kidogo, na alikuwa anaimba wimbo wa kanisa chini chini. Mtu aliyebana pumzi haimbi.

Siku ya kujaribiwa huko Nyeri, mbele ya mwalimu, niliimba chini chini, nikayumba mara mbili. Mguu haukushuka.

"Unaimba nini?" akaniuliza alipomaliza kuzunguka.

"Wimbo wa Cucu."

"Njoo nao wiki ijayo."

Cucu bado ananitazama tumbo kila Jumapili. Hajaamini kabisa.

Basi, mwanangu, vua viatu. Simama mahali ambapo ukuta utakudaka ukianguka, lakini hutaugusa bila kukusudia. Gawa uzito kati ya kidole gumba, kidole kidogo na kisigino, na usilikaze goti. Kaza tumbo kiasi tu, kama mtu anayetaka kukohoa, kisha imba. Wimbo ukikatika, shusha mguu, uanze tena. Anza kwa ubeti mmoja. Usidai wimbo mzima siku ya kwanza kama nilivyodai mimi. Na usifute video mbaya. Shuku zile nzuri, zangu zikiwemo, na utafute kidole kilipo.

Asubuhi niliyokwenda Nyeri, Cucu alinitemea mate kidogo viganjani, kama wazee wetu wanavyobariki. Mate yangu bado ni machanga kwa kazi hiyo, kwa hiyo pokea maneno: mguu wako ukubebe, pumzi yako isikatike, na Mungu akupe kusimama hata pale ambapo mikono yote miwili ina kazi. Amina.