Fungate ya Paka wa Ghalani

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka huacha nilichokishika nikacheka peke yangu. Jana ulipokuja mbio na kikapu kifuani, macho yakikung'ara, ukaniambia, "Bibi, nimempata paka shume na nitamfuga ndani," ile siku ilinijia nzima nzima, na harufu zake zote. Basi kaa hapa. Kikapu kiweke pale penye kivuli na usikifungue kwanza. Nisikilize.

Nilikuwa nimeolewa Wawi, msichana kutoka Ole. Chuoni nilisoma Kurani kidogo, skuli sikuiona hata mlango wake, lakini kichwani nilikuwa na ndoto za kutosha mtaa mzima. Nikichambua mchele naota, nikichota maji naota. Babu yako Faki alikuwa akibeba magunia ya karafuu kwenye ghala moja upande wa Tibirinzi, na tukikaa na mama yake, Bi Time, mwanamke mrefu, mtulivu, asiyepandisha sauti kwa sababu hakuwahi kuhitaji.

Nyumba ile ilikuwa na panya. Panya wa kwengine wakimwona mtu hukimbia. Wale wa kwetu walikuwa wakisimama wakikutazama, kama kwamba wewe ndiye uliyepita pasipo ruhusa. Walikula mchele wetu, wakala pembe ya mto wangu, na siku walipotafuna ncha ya mkeka mmoja wa maulidi, Bi Time alikaa akiushona mpaka usiku. Ile mikeka aliisuka mwenyewe, ukindu wa rangi tatu, na kila mwaka mfungo sita, mwezi aliozaliwa Mtume, wanawake wa Wawi wakija kusoma maulidi nyumbani kwake wakiikalia. Ilikuwa fahari yake.

Sasa pale ghalani kwa kina Faki palikuwa na paka shume mmoja, wa nje asiyefugwa na mtu, jike la madoa, sikio moja limechanika, na mwanawe aliyekwisha kuwa mkubwa. Nikimpelekea Faki chakula nawaona juu ya magunia, wanajilamba. Siku hiyo nikamkuta Faki kanuna.

"Mwenye ghala kanunua sumu," akaniambia. "Anasema hawa wanamkojolea magunia. Kabla msimu haujaanza, atawatilia kwenye dagaa."

Mwanangu, sikufikiri hata kidogo. Nililitia lile tonge la samaki alilobakisha ndani ya kapu nililoletea chakula, nikawavuta wale wawili kwa subira ambayo sijui niliitoa wapi, nikawafunika kwa kanga yangu, na mimi huyo, mbio mpaka Wawi, mikono imechanwa, moyo unaruka kwa furaha. Njia nzima naota: paka kalala mlangoni, panya wamehama, Bi Time ananisifu mbele za watu.

"Nini hicho kinachonguruma?" akauliza Bi Time.

"Ni paka, mama. Yeye na mwanawe."

"Paka wa nani?"

"Wetu," nikasema, na Faki, aliyenifuata nyuma kutoka ghalani, akakohoa akatoka kwenda kutazama kuni ambazo hazikuwa na haja ya kutazamwa.

Bi Time akalitazama kapu muda mrefu. "Paka si najisi," akasema. "Akanyage mkeka wangu, alale juu yake, sina neno. Lakini mkojo wake ni najisi, na mfungo sita huu hapa. Siku nitakapoona tone moja kwenye mikeka ya maulidi, wanarudi walikotoka."

Walikotoka kuna dagaa wa sumu. Alijua, na mimi nilijua.

Basi mimi kwa ile furaha yangu nikafungua kapu katikati ya ukumbi. Nilidhani watatembea kidogo, watazame nyumba, wanishukuru. Mama paka akapanda ukuta mpaka juu kwenye boriti, akaangusha birika njiani. Mwana akaingia chini ya kitanda, hata ukiinama huoni ila macho mawili. Hawakula. Hawakushuka. Asubuhi nikakuta nyuma ya mtungi wa maji pamelowa, na maji hayo hayakutoka mtungini.

Bi Time akaja, akavuta pumzi, akanitazama. Nikajua kwisha.

"Wewe ulipoletwa hapa," akaniambia, "siku ya kwanza tulikufungulia nyumba nzima? Tulikwambia nenda jikoni, nenda kisimani, wajue majirani wote?"

"Hapana, mama."

"Ulikaa wapi?"

"Chumbani. Fungate nzima."

"Ukiletewa chakula, ukiletewa maji ya kuoga, mtu mmoja tu anaingia na kutoka. Kwa nini? Tulikuogopa? Mgeni akipewa nyumba nzima hana pa kujificha. Akipewa chumba kimoja, kwanza anakijua hicho, baadaye anauliza kuna nini nyuma ya mlango. Sasa huyu uliyemtoa ghalani ukambwaga ukumbini, akufanyie adabu gani?"

Mwanangu, nilitamani kumbusu, ila hakuwa mtu wa kubusiwa busiwa. Nikaona yote kwa mara moja: paka wangu ni mwari, bibi harusi, na anataka fungate. Tulikuwa na kichumba pembeni ya ukumbi tukiweka vikapu na vinu. Nikakifagia. Nikaweka bakuli la maji pembe hii, chakula pembe ile, na pembe ya mbali kabisa kasha la tende ambalo Faki alilikata kingo zikawa chini, tukalitia mchanga safi wa pwani. Tukawaingiza, jioni ile, kwa kelele na damu kidogo. Tangu hapo mama paka akaitwa Mwari, na mwanawe, kwa kuwa alikuwa hamwachi ubavuni, Faki akamwita Mpambe.

Hapo ningekomea, ingekuwa vyema. Lakini mimi na ndoto zangu. Nilijiambia, kama ni mwari, basi apambwe. Nikachukua chetezo, nikakifukiza kichumba udi mpaka moshi ukatoka dirishani. Nikachanganya karafuu kavu na ule mchanga wa kasha, ili panukie. Nikatupia asumini juu yake. Halafu nikamtandikia mkeka wangu mwenyewe wa harusi, apate pa kulala. Nikatoka najiona fundi.

Asubuhi kasha halijaguswa. Asumini zimelala vile vile nilivyozitupa. Mkeka wangu wa harusi ulikuwa umelowa katikati, na Mwari na Mpambe wamejibana dirishani, pua zimeelekea nje, wanavuta hewa kama watu wanaokaribia kuzama.

Faki alicheka mpaka akakaa chini. Bi Time hakucheka. Aliuokota ule mkeka kwa vidole viwili, akanipa.

"Leo wako," akasema. "Kesho wangu."

Nikaenda kisimani nikaufua kwa majivu na ndimu, na safari hii sikuota kitu. Nilikuwa nalia. Wale paka wangekufa kwa sababu mimi niliwapenda kwa pua yangu badala ya pua yao. Lakini sikulijua hilo bado. Nilipofika ndani nikafungua kasha langu la nguo nitafute kanga kavu, ikatoka ile kanga yangu ya zamani, ya Ole.

Nikuambie habari ya kanga hiyo. Fungate yangu kila kitu kilikuwa kipya na kilinukia: kitanda kipya, shuka mpya, udi mchana, asumini usiku. Watu wema, sikukosa kitu. Na usingizi haukuja. Mpaka usiku mmoja nikaitoa ile kanga kuukuu, ina moshi wa jiko la mama yangu na harufu ya muhogo wa kuchoma, nikaiweka chini ya shavu, nikalala kama jiwe.

Nikasimama pale na kanga mkononi. Nikainusa. Huyu paka hakutaka udi. Huyu anataka kwao.

Sikusubiri hata kukauka. Nikachukua kapu lile lile, nikaenda ghalani, nyuma kabisa kwenye ule mchanga mkavu chini ya ukingo wa makuti, nilipokuwa nikiwaona wale wawili wakichimba na kufukia. Nikaanza kujaza. Wenziwe Faki wakasimamisha kazi wanitazame.

"Faki, mkeo kakosa udongo Wawi?" mmoja akauliza.

"Mwache, ndugu yangu," Faki akasema, akanisaidia kulinyanyua kapu. "Hii ni mahari."

Nyumbani nikamwaga ule mchanga wenye karafuu nje, mbali. Kasha nikalisugua kwa maji matupu, nikalianika jua mpaka likaisha harufu, nikatia mchanga wa ghalani, kavu, una vumbi, na kama nikwambie kweli haukunukia vizuri hata kidogo. Dirisha nikaliacha wazi kwa kadiri ya kupitisha upepo na isipite kichwa cha paka. Kisha nikakaa sakafuni, mgongo nimewapa wao, kwa sababu nilikumbuka nami nilivyochukia kutazamwa na kila aliyeingia. Nikawa nachambua mchele, natazama ukuta.

Baada ya muda nikasikia hatua laini. Halafu kunusa, ndefu. Halafu, krr, krr, krr, kucha kwenye mchanga.

Nilitoka pale kwa magoti ili nisiwashtue, nilipofika ukumbini nikakimbia mpaka jikoni. "Mama, ameingia kashani! Amefukia mwenyewe!"

Bi Time aliinua upawa kutoka chunguni, akaonja mchuzi. "Sijapata kuona mtu akishangilia jambo hilo," akasema. Lakini alinipa kichwa cha samaki, akaongeza, "Mpelekee, kishapoa."

Tangu hapo ikawa kazi ya kila alfajiri: kuondoa walichofukia, kukoroga mchanga, kuongeza mpya kidogo kidogo juu ya ule wa zamani ili harufu isipotee kwa ghafla. Mpambe ndiye aliyeanza kuja miguuni. Mwari alichukua muda, mara anakuja, mara anakumbuka kwamba hatujuani. Nikawa naacha mlango wazi kidogo mchana, wanatoka, wanarudi wenyewe. Panya wakaanza kutuaga. Na mfungo sita ukaingia.

Siku ya maulidi nyumba ilijaa mpaka barazani. Mikeka ya rangi tatu imetandikwa ukuta kwa ukuta, wanawake bega kwa bega, chetezo kinapita, mrashi unapita. Mimi nimewafungia wale wawili kichumbani, na roho yangu nimeifungia huko huko. Ikafika kusimama kiamu, kumpokea Mtume kwa salamu. Sote tumesimama, sauti zimepanda, marashi yanatunyeshea, na mimi katika furaha ile nikatupa jicho pembeni. Mlango wa kichumba uko wazi. Mtu kaenda kuchukua vikombe, akausahau.

Mwari alikuwa katikati ya mkeka mkubwa.

Alikuwa kasimama baina ya miguu ya watu, mkia chini, macho makubwa. Akanusa mkeka. Kisha akainua mguu wa mbele akaukwaruza mkeka, mara moja, halafu tena. Mwanangu, ule mkwaruzo niliujua. Nikamtazama Bi Time. Naye alikuwa kaona. Midomo yake inasoma, macho yake hayapepesi. Siwezi kupiga kelele, siwezi kusogea, nimebanwa huku na huku. Nilichoweza ni kumwomba Mungu, na siku ile wote mle ndani tulikuwa tukimwomba, basi dua yangu nikaichomeka humo.

Tone la marashi likamwangukia Mwari puani. Akapiga chafya. Akainua kichwa, akanusa upande huu, upande ule, kama mtu anayeitwa jina lake kwa mbali. Halafu akageuka, akapita chini ya mabuibui, taratibu, asimguse mtu, akaingia kichumbani kwake.

Tukakaa. Pakawa kimya kidogo, msomaji anakunywa maji kabla ya dua. Na katika kimya kile ikasikika, wazi kabisa: krr, krr, krr.

Mgeni mmoja, bibi mkubwa wa watu, akageuza shingo. "Bi Time, nini hicho?"

Bi Time akatengeneza kanga yake kichwani. "Mkamwana wangu wa pili," akasema, akanitupia jicho mimi wa kwanza. "Yuko chumbani kwake."

Jioni, watu walipokwisha kuondoka, alimwita Faki. Sikusifiwa mbele za watu kama nilivyoota. Nilisikia tu akimwambia, "Kesho pitia ghalani ulete mchanga mwengine. Ule umechoka."

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii, na kikapu chako nakisikia kinakwaruza. Ukimleta ndani aliyezoea nje, usimpe nyumba yote; mpe pembe moja iwe yake, chakula mbali na kasha, na mlango uwe wa kufunguka polepole. Usimpambie kasha kwa unachokipenda wewe. Rudi ulikomwokota, chota mchanga wa pale, umletee. Kila siku safisha, lakini acha harufu kidogo imwambie kwamba hapa ndipo. Akikosea, osha pahala, usimpige wala usimsugue pua pale alipokojoa, kwani hatajua kosa, atajua mkono wako tu. Na yeyote mwengine utakayempokea maishani, awe mke wa mwanao au yatima au mgeni, kabla hujamfukizia udi, muulize kwao kunanukia nini.

Mungu akupe moyo wa kungoja na mikono isiyo na haraka. Akujaalie nyumba isiyofukuza, na kila atakayeingia kwako akiwa na hofu, siku moja apite katikati ya watu na arudi chumbani kwake bila ya kuonyeshwa njia. Amina.

Haya, chukua kapu. Mchanga kwanza. Kikapu utakifungua baadaye.