Kibendera cha Baba Mkwe

Wapo watu ambao mpaka leo wakiniona Soho Road, hapa Birmingham, wananyanyua mkono juu kama wameshika kibendera, halafu wanacheka, na mimi nacheka nao ili yaishe, lakini niwaambie ukweli ninyi marafiki zangu, nikifika nyumbani chakula hakishuki. Ingekuwa aibu yangu peke yangu ningeshaizoea (mimi refa, kutukanwa ni sehemu ya kazi). Shida ni kwamba aibu hiyo nilimvisha baba mkwe wangu.

Baba alifika Birmingham kutoka Uvira, Kongo, kwa kupitia kambi ya wakimbizi, akapewa fleti Newtown, na baridi yote ile ya kwanza kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti kando ya dirisha akikwangua kadi za kupigia simu nyumbani. Alianza kunyamaza. Akiwekewa chakula anasema asante, basi. Mke wangu Furaha akaniomba, wewe si refa, mtafutie Papa kitu cha kumtoa ndani, maana kule Uvira alikuwa mwamuzi wa mpira anayeogopwa, hapa ataishia kwenye kile kiti.

Nikapata kitu. Kulikuwa na fainali ya kombe la jamii kwenye bustani moja Handsworth, vijana wa kanisa la Wakongo dhidi ya Wasomali wa Sparkbrook waliokulia Kenya, mimi refa wa kati (Mkenya wa Nakuru, kwa hiyo sina upande), na mshika kibendera mmoja alikuwa hajapatikana. Nikampelekea Baba kibendera. Alikipokea kwa mikono miwili, akakikunjua, akakitazama, na siku ya mechi akaja amevaa suruali nyeusi iliyonyooka na viatu vinavyong'aa, kwenye matope yale!

Sasa nisikilizeni, maana bila hili hamtaelewa. Pasi ndefu ikipigwa, waamuzi hatutazami kitu kimoja. Mshika kibendera anabaki na beki wa mwisho, aone kama straika ameotea wakati mpira unaondoka. Refa wa kati anabaki na yule aliyepiga pasi, kwa sababu mpira ukishaondoka uwanja mzima unaufuata kwa macho, na hapo ndipo mtu mwenye hasira anamkata mwenzake mguu bila kuonekana. Ndiyo maana kabla ya mechi refa anawaita wasaidizi wake, anawaambia wewe tazama hiki, mimi nitatazama kile.

Siku hiyo sikuwaita. Mshika kibendera wa pili, rafiki yangu Abdirahman, alinivuta pembeni.

"Buda, si umwambie mzee kazi yake? Usione haya."

"Nimwambie baba mkwe wangu namna ya kutazama mpira? Nitaanzia wapi?"

Basi nikamwendea Baba, nikainamisha kichwa, nikasema, "Baba, wewe unajua," naye akasema, "Bila shaka, mwanangu," na tukaanza.

Kipindi cha kwanza kibendera kilipanda kwa kila kitu. Mtu kasukumwa, kinapanda. Mtu katukana, kinapanda. Mara moja aliingia kabisa uwanjani kumgombeza kijana mmoja wa Sparkbrook aliyetema mate, watu wakacheka, yule kijana akaomba samahani kama anaongea na babu yake. Nilijua mapumziko yakifika lazima nimweleze. Lakini mapumziko yalipofika nikamkuta kazungukwa na watu wa kanisa, kikombe cha chai mkononi, anawasimulia alivyowahi kumtoa nje kaka yake mwenyewe kwa kadi nyekundu, na anacheka. Tangu aje Uingereza sijawahi kumsikia akicheka! Ningemkatizaje? Nikaona afadhali nimfichie makosa yake, nitazame mstari wa mabeki mimi mwenyewe, yeye abaki na kibendera chake na raha yake. (Nilijiona nina akili sana.)

Mechi ilikuwa inakaribia kwisha, bila bila, mvua inanyunya. Baraka, kiungo wa kanisa, akapiga pasi ndefu, na macho yangu yakaenda moja kwa moja kwa straika, ambaye hakuwa ameotea hata kidogo. Anakimbia peke yake na kipa. Mara kibendera cha Baba kikapanda. Nikasita. Nikasema moyoni, huyu ni mkwe wako, ukimpuuza mbele ya watu Furaha utamwambia nini? Nikapiga kipenga. Straika akapiga mpira ukaingia, lakini kipa alikuwa ameshasimama, na goli la baada ya kipenga si goli.

Kanisa zima likaingia uwanjani. Kocha wao akanijia uso kwa uso, "Kaotea wapi? Kaotea wapi?" na mimi, jamani, mimi mwenye kipenga, nikanyoosha kidole.

"Muulizeni yeye! Kibendera ni chake!"

Wakamgeukia Baba. Alikuwa bado amenyoosha mkono juu.

"Haiko hors-jeu!" alisema, yaani si kuotea, ni faulo. "Njo faute! Balimupiga Baraka ku muguu, mupira ilikuwa imeshaenda!"

Nikageuka. Baraka alikuwa chini kwenye matope, ameshika kifundo cha mguu, analia, na hakuna aliyekuwa amemtazama. Baba peke yake. Kwa kuwa mimi niliiba kazi yake, yeye alifanya yangu. Hapo nilikuwa nimeshajua, na sentensi moja tu ingetosha, kosa ni langu, mzee ameona sawa. Lakini watu walikuwa wanachemka, mama mmoja wa kwaya akapiga kelele, "Mumurudishe ku nyumba, muzee huyu!" na mimi nikaona njia rahisi ya kuwatuliza ni kumwendea Baba na kushika kibendera. Aliachia. Nikampa mtu mwingine, mechi ikaendelea, kanisa likafungwa, Baraka akapelekwa hospitali mguu umevunjika, na Baba alirudi Newtown kwa miguu na viatu vyake vya matope, akakataa gari langu kwa upole kabisa.

Furaha hakunigombeza. Siku chache baadaye, akiwa anaosha vyombo, alisema tu, "Papa aliniuliza kama na weye unaonaka yeye ni mujinga."

Siku hizi sianzi mechi kabla sijasema na washika vibendera, awe kijana, awe mzee wa mvi. Samahani mzee, wewe na mstari, mimi na mpiga pasi. Maneno yenyewe hayazidi muda wa kufunga kamba za viatu, na hakuna mzee hata mmoja aliyewahi kuchukia. Nimeapa heshima haitanifunga mdomo tena. Naapa hivyo kila mara, halafu napanda ngazi kule Newtown na ile sentensi moja ambayo bado sijamwambia, Baba ananiinukia kutoka kwenye kiti chake cha dirishani, televisheni ikiwa na mpira anaizima, ananiuliza habari za kazi, na mimi namjibu nzuri.