Mama Shuka na Kwaya ya Wodini

Mama mkubwa wangu, dada wa mama yangu, alifua mashuka ya hospitali kwa miaka thelathini na mmoja. Wodini walimwita Mama Shuka, naye aliitika bila kinyongo. Chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa ya jengo la zamani: mashine mbili kubwa, moja imekufa siku nyingi, mvuke uliobambua rangi ukutani, na meza ndefu ya kukunjia. Shuka la hospitali linakunjwa na watu wawili. Mnashika ncha, mnavuta, mnaendeana, mnakutanisha mikono, kisha mnarudi nyuma. Mmoja akienda mbio, shuka linakwenda upande. Kwa hiyo yeye na wenzake watatu walikuwa wakiimba ili miguu iende pamoja.

Siku moja muuguzi aliteremka ngazi, akasimama mlangoni.

"Nani anaimba humu?"

Mama mkubwa akapiga moyo konde. "Ni mimi, dada. Utusamehe, tutapunguza."

"Msipunguze. Kuna mgonjwa wodi ya tatu, dirisha lake liko juu yenu. Anasema mkinyamaza ndipo maumivu yanaporudi."

Mgonjwa mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu, hana mume, hana mtoto, ana kaka mmoja tu. Jioni ile, baada ya kazi, wale wanne walipanda na makoti yao ya bluu, mikono ingali inanuka sabuni, wakamwimbia kando ya kitanda. Wiki haikuisha akafariki. Kaka yake akaja kuwaomba wamsindikize makaburini, maana bila wao angekuwa yeye na dereva wa gari la maiti, basi.

Kwaya ilianzia hapo. Akaongezeka mpishi, kisha mtunza stoo ya dawa, kisha wauguzi wawili. Mimi niliingia baadaye, nilipopata kazi ya mapokezi. Hatukuwa na sare wala kinanda. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana tulizunguka wodini, na mtu akifa bila ndugu wa kutosha, tulikwenda kumzika. Mama mkubwa, mwalimu wetu wa kwaya, alikuwa na sharti moja. Alisimama kwenye mlango wa wodi, akauliza, "Jamani, tuingie au tupite?" Mgonjwa mmoja akisema tupite, tulipita, hata kama wengine kumi wanatutaka.

"Mtu mgonjwa ameshapangiwa kila kitu," alituambia. "Hili moja aamue mwenyewe."

Besi yetu ilikuwa mlinzi wa getini. Tulimwita Komeo, kwa sababu saa za kuona wagonjwa zikiisha, hata ungekuwa mkwe wake hupiti. Sauti yake ilikuwa nzito, ukisimama karibu naye unaisikia miguuni. Lakini alikuwa mzito wa mwendo pia, na hapo ndipo yeye na mama mkubwa walipogombana miaka nenda miaka rudi.

"Komeo, unaburuta! Wimbo umeshafika nyumbani, wewe bado uko sokoni."

"Mwalimu, mtu mzito hakimbii. Nisubirini."

Na kweli, tulimsubiri.

Kisha mama mkubwa akaanza kujifunga mtandio shingoni, hata siku za joto kali. Alikuwa ameota uvimbe wa tezi. Nilikwenda naye kwa daktari wa hospitali nyingine.

"Mama, huu unakubana njia ya hewa," daktari alisema. "Lazima tuukate. Ila mshipa unaoendesha sauti uko jirani."

"Jirani kiasi gani?"

"Wanapakana."

Aliahirisha miaka miwili. Hakumwambia mtu wa kwaya, na mimi alinifunga mdomo. Mwishowe hata kupanda ngazi ikawa kazi, akakubali. Alipozinduka baada ya upasuaji alifungua mdomo aniite, ikatoka hewa tupu. Daktari alisema tungoje miezi mitatu. Tulingoja sita. Kikarudi kinong'ono, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, kikaishia hapo.

Alichukua likizo ya ugonjwa, akajifungia nyumbani. "Waambie nimesafiri," aliniambia. Nikawaambia. Jumamosi niliwaongoza mimi, mikono yangu ikipepea ovyo kama mtu anayefukuza nzi, nao wakanivumilia.

Mwezi wa nane tangu akatwe, Komeo alilazwa. Moyo ulikuwa umechoka, miguu imevimba, hawezi kulala bila mito mitatu. Jumamosi tulifika wodi ya wanaume, nikasimama mlangoni, nikauliza kama tulivyofundishwa, "Jamani, tuingie au tupite?"

Komeo akageuza kichwa. "Mwalimu yuko wapi?"

"Amesafiri, mzee."

Akanitazama mpaka nikainamisha macho. "Mwanangu, nimekaa getini miaka ishirini na minane. Wanaosafiri nawajua, na wanaojificha nawajua. Piteni."

Nilidhani anatania. Mpishi akacheka kidogo, akaacha. Tukapita.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mama mkubwa. Nilimkuta sebuleni akipasi gauni. Nikamweleza yote, neno kwa neno. Akasimamisha pasi wima, akakaa.

"Amesema mpite?" alinong'ona.

"Ndiyo. Anakutaka wewe, mama mkubwa. Twende kesho."

"Niende nikamfanyie nini? Nikampumulie?"

"Ukamwone tu."

"Bado. Nipe siku mbili tatu."

Nilipaswa kumvuta mkono. Sikumvuta. Yeye ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, na tangu hapo sikujua namna ya kumlazimisha.

Jumanne asubuhi nilikuwa mapokezini nikamwona anaingia, amevaa viatu vya kutokea, mtandio mpya shingoni. Alinipungia, akapanda. Roho yangu ikafurahi, nikamwachia mwenzangu meza, nikamfuata. Nilimkuta amesimama mlangoni pa wodi ya wanaume, mkono mmoja umeshika fremu. Kitanda cha Komeo kilikuwa godoro tupu la plastiki, na muuguzi alikuwa akilifuta kwa dawa. Hakuna aliyehitaji kumweleza. Miaka yote ile mashuka ya vitanda kama hivyo yalikuwa yakishukia mikononi mwake.

Akauliza jambo moja tu. "Saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu, Mama Shuka," muuguzi akasema. "Pole sana."

Ilikuwa saa mbili na robo.

Makaburini walijaa watu, kwa kuwa nani hakuwahi kuzuiwa na Komeo? Tuliimba bila besi, na wimbo ulikuwa kama nyumba isiyo na sakafu. Mama mkubwa alisimama upande wa wanaume, pale Komeo alipokuwa akisimama, midomo imefungwa. Hakulia. Alilia siku nyingine, na sababu naijua.

Baada ya wiki mbili mjane wa Komeo alikuja kumtembelea. Alikuwa mama mpole, hana neno baya kwa mtu. Nilikuwa jikoni nikichemsha chai, mlango wazi.

"Dada," alisema, "sikuja kukulaumu. Nimeona nikuambie, kwa sababu ningekuwa mimi ningetaka kuambiwa. Alikuulizia Jumamosi, akakuulizia Jumapili, akakuulizia Jumatatu asubuhi. Jumatatu mchana hakuuliza tena."

Kisha nikasikia kile kinong'ono. "Nilimwonea aibu. Nikafikiri anaitaka sauti."

"Sauti alikuwa na yake," mjane akajibu.

Hapo ndipo mama mkubwa alipolia. Kilio chake hakikuwa na mlio, ni pumzi tu zinakatika, na mjane amemshika mabega. Chai ilikauka sufuriani. Sikuweza kuwapelekea.

Jumamosi iliyofuata alirudi. Sisi tulitaka asimame mbele, akakataa; aliniambia niendelee, ila niache kupepea. Tangu hapo kazi yake ni kutafuta mgonjwa asiye na mgeni, anavuta kiti, anakaa naye akimshika mkono huku sisi tukiimba. Wengi wanadhani ni ndugu wa mgonjwa. Mwaka jana alistaafu, lakini bado anakuja kwa miguu, polepole.

Wodi ya wanaume haingii. Tukifika huko hubaki kwenye benchi la korido, mkoba mapajani, na sisi tunaimba mlango ukiwa wazi.